Maji Unayoyafukuza Mlangoni Kwako Yanakwenda kwa Nani?



Kabla hujaendelea, chukua Biblia yako usome Mathayo 7:24-27, halafu Luka 6:46-49. Ni ule mfano wa wajenzi wawili tuliofundishwa tangu Kipaimara. Soma pote pawili, kuna tofauti ndogo tutakayoirudia. Mimi leo naanzia dukani.

Nafanya kazi Kariakoo, kwenye fremu ya mabeseni na vyombo vya plastiki, si mbali na Mtaa wa Kongo. Kila anayeijua Kariakoo anajua mvua ikikaza inakuwaje. Dakika kumi tu, wamachinga wanafunga maturubai, mikokoteni inasimama katikati ya njia, na sisi wa kwenye fremu tunashika mafagio. Kazi inakuwa moja: maji yasiingie ndani. Tunayasukuma, na tunasukuma na kila kinachoelea juu yake. Nailoni za kufungia mzigo, maboksi yaliyolowa, kamba, vikombe vya kahawa, vyote mtaroni. Vikishapita kona tunajipongeza. Nimefanya hivyo miaka minne bila kuona ubaya wowote, tena bosi alikuwa akinisifia kwa wenzangu kwamba kijana huyu ana bidii.

Sasa, mama yangu mdogo alikuwa amepanga chumba bondeni Jangwani. Ni fundi cherehani. Mwaka 2024, mwezi wa sita, alikuja kutusalimia nyumbani ikawa ndiyo siku ya jumuiya, akabaki tukasali wote. Injili tuliyoshirikishana ilikuwa hiyo ya wajenzi wawili. Nikaomba nafasi, nikaongea kwa kujiamini kabisa: "Mfano huu tunauona hapa hapa mjini kwetu. Watu wa bondeni ndio huyu mjenzi mpumbavu. Wanahamishwa, wanarudi. Mafuriko yakija wanalia. Ni ubishi tu." Watu wakaguna kukubaliana nami. Mama mdogo hakusema kitu mpaka sala ya mwisho.

Nilimsindikiza kituoni. Njiani akaniambia taratibu, kama mtu anayesimulia habari ya mwingine: "Mwanangu, ile Aprili maji yalivyoingia kwangu niliamka usiku nikajikuta nimekanyaga maji. Nikawasha simu nimulike. Kitu cha kwanza kukiona, kimenasa kwenye mguu wa cherehani, ni nailoni ya mabeseni. Ina stika ya duka lenu."

Daladala ikaja, akapanda. Nikamwambia "Shikamoo mama, usiku mwema," maana sikuwa na kingine cha kusema. Usiku ule nikafungua tena Mathayo 7, safari hii kuanzia aya ya kwanza.

Sura ile ile inavyoanza

Jaribu na wewe. Sura ya 7 inafungwa na nyumba ya mchangani, lakini inafunguliwa na Yesu kutukataza kuhukumu, na mara moja baada ya hapo kuna boriti iliyo kwenye jicho la mtu anayetaka kutoa kibanzi kwenye jicho la ndugu yake. Katikati, aya ya 12, kuna ile kanuni ya kuwatendea watu kama tunavyopenda kutendewa. Ndipo anapofika kwenye wajenzi. Na anasema wazi nani mwenye akili: ni yule anayesikia maneno haya na kuyatenda. Maneno yapi? Hayo hayo aliyotoka kuyasema mlimani tangu sura ya 5, pamoja na hilo la boriti. Kwa hiyo mimi pale jumuiyani nilichukua mwisho wa sura nikautumia kuvunja mwanzo wake. Nilikuwa msikilizaji mzuri sana wa Injili, mwenye fagio mkononi.

Inasaidia pia kujua nchi Yesu aliyokuwa akiizungumzia. Palestina ina mabonde ambayo kiangazi yote yanakuwa makavu kabisa, chini ni mchanga tambarare. Mtu akipaona anaweza kudhani ni mahali pazuri pa kujenga. Msimu wa mvua ukifika, mvua inanyesha milimani na maji yanashuka ghafla bondeni, hata kama pale ulipo hakujanyesha tone. Wasikilizaji wake walilijua jambo hilo kama sisi tunavyoijua Jangwani. Mathayo anataja mwamba na mchanga. Luka yeye anamwonyesha mjenzi akichimba kwenda chini sana kutafuta msingi, na anataja mto kuipiga nyumba. Ila wote wawili wanakubaliana jambo moja ambalo huwa tunaliruka: maji yanazipiga nyumba zote mbili. Hakuna aliyesamehewa mvua.

Sasa wewe mwenye ghorofa Kariakoo usije ukasema, "Ahaa, mimi niko juu, niko kwenye mwamba." Twende kwanza tuyafuate maji.

Safari ya maji

Mto Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, upande wa Kisarawe, unatembea kilomita 35 hivi mpaka baharini pale Daraja la Salenda. Njiani unapokea mito mingine: Kinyerezi, Luhanga, Ubungo, Sinza. Ukiangalia ramani utaona karibu nusu ya maisha ya jiji hili yanamiminikia kwenye mto mmoja. Mvua ya Pugu saa nane inakuja kuwa habari ya Jangwani jioni, ingawa Jangwani jua linawaka.

Kariakoo yetu imekaa kwenye kamwinuko. Maji ya upande mmoja yanateremkia Jangwani, Msimbazini. Ya upande mwingine yanashuka Gerezani kwenye mkono wa bahari ulioko nyuma ya bandari. Kwa hiyo hakuna kitu kinachotoka mlangoni mwetu kikapotea. Kinakwenda bondeni au kinakwenda bandarini, basi.

Wazee wa Kariakoo watakwambia zamani haikuwa hivi. Nyumba zilikuwa zile za Kiswahili, vyumba sita na ua nyuma, na uani kuna udongo, pengine mwembe au mnazi. Mvua ikinyesha, ua unakunywa sehemu yake kwanza, kinachobaki ndicho kinatoka mtaani. Leo ua umekuwa ghorofa, udongo umefunikwa kwa zege, na mahali pa mwembe kuna stoo. Hakuna kinachokunywa. Maji yote yanatoka, tena yanatoka kwa pamoja.

Tupige hesabu kidogo, haina ugumu. Milimita moja ya mvua kwenye eneo la mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Chukua paa la upana wa mita 15 na urefu wa mita 20, hizo ni mita za mraba 300. Mvua ya milimita 50, ambayo masika hapa Dar si ajabu, inakupa lita 15,000. Ni simtanki 15 za lita elfu moja moja, kutoka paa moja, ndani ya saa chache. Hesabu mwenyewe mapaa ya mtaa wako mmoja tu. Halafu uweke mtaro ambao nusu yake ni matope na chupa.

Kuna la ziada ambalo wavuvi wa Feri wanalielewa kuliko sisi. Mto unatokea baharini, na bahari ina ratiba yake. Siku za bamvua, maji yakijaa, tofauti kati ya kujaa na kupwa hapa kwetu inapita mita tatu. Mafuriko yakifika Salenda wakati bahari imejaa, maji ya mto hayana pa kutokea, yanarudi nyuma na kutanda bondeni. Siku za maji mafu, mvua ile ile ingepita kwa nafuu. Ongezea mchanga unaoporomoka kutoka juu, kule watu wanakojenga vilimani na kuchimba mchanga kingoni mwa mto. Mchanga huo unakuja kutulia Jangwani kwenye tambarare, na kila mwaka kitanda cha mto kinapanda. Daraja lililokuwa juu ya maji linajikuta limekaribiana nayo, Barabara ya Morogoro inafungwa, mwendokasi unasimama, na mji unakatika vipande viwili. Wengi wetu tumeshatembea kwa miguu siku hizo, tunajua.

Ninapoona mambo haya nalikumbuka jengo la Soko Kuu la Kariakoo. Alilisanifu Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Tunakumbuka moto wa Julai 2021, lakini wangapi wamewahi kuinua macho wakaangalia paa lake? Ni miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini. Mwavuli wa kawaida unatupa maji pembeni, umlowanishe jirani. Ile ya Amuli inayapokea maji katikati na kuyashusha ndani kwa ndani. Mtu alikaa akafikiria maji ya paa lake yataenda wapi. Nilipita chini ya lile paa mamia ya mara, nabeba mzigo, nisiulize.

Sheria mbili za zamani

Kwenye Kumbukumbu la Torati 22:8 kuna sheria fupi ambayo sijawahi kusikia ikihubiriwa. Ukijenga nyumba mpya, weka ukingo kuzunguka paa, mtu asianguke damu yake ikawa juu ya nyumba yako. Nyakati zile watu walipumzika juu ya mapaa. Angalia Mungu anavyoingia kwenye ujenzi! Kwake nyumba yako haiishii kwenye ukuta wako. Madhara yanayotoka kwenye paa lako ni mambo yako.

Nyingine ni Kutoka 21:33-34. Mtu akifunua shimo, au akichimba na asilifunike, ng'ombe au punda akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Wanaofanya kazi mjini mnajua kwa nini nimeitaja. Mvua ikikaza kuna watu wanafungua mifuniko ya chemba ili maji ya mbele ya duka yaondoke haraka. Maji yakishatanda, hakuna anayeona shimo liko wapi. Mwanafunzi anayetoka shule akikanyaga hapo? Na chemba ile ni ya majitaka, ikishazidiwa inarudisha kila kitu mtaani. Wengine tena wanasubiri mvua kwa hamu watapishe vyoo, uchafu uende na maji. Unaenda wapi? Unaenda kwenye chumba cha fundi cherehani. Mwaka 2015 mwezi wa nane kipindupindu kilianzia hapa Dar kikasambaa mikoa mingine. Kutapisha choo wakati wa mvua ni dhambi, naomba tuliite hivyo, na aende nalo mtu kwenye kitubio. Tumezoea kuungama matusi na kukosa Misa. Ile sehemu ya sala ya kuungama inayohusu wajibu ambao hatukuutimiza huwa tunaipita mbio.

Baba Mtakatifu Fransisko aliandika Laudato Si' mwaka 2015, na kwenye namba 49 anatufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini visikilizwe pamoja. Zamani niliona ni maneno makubwa ya mikutano. Kwa Msimbazi ni jambo la kuonekana kwa macho: mto umezibwa, na anayelala kwenye maji ni mpangaji wa elfu thelathini. Namba 211 anashuka kabisa mpaka kwenye vitu vya nyumbani, kupunguza plastiki, kutenganisha taka, kupanda miti, na anasema visidharauliwe.

Kwa hiyo wa bondeni hawana kosa?

Hapa nataka tuwe wakweli, maana baada ya kisa cha mama mdogo nilitaka kugeuka upande wa pili na kulaumu kila mtu isipokuwa wao. Yeye mwenyewe alinikatalia. Alisema, "Bonde ni la mto. Tulijua. Ila kodi ya huko juu tungeitoa wapi, na wateja wangu wako Kariakoo?"

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria nzuri. Desemba 2011 tuliona kwa nini ipo. Mvua zilizoanza tarehe 20 zilileta mafuriko ambayo yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikasema mvua kubwa namna ile haikuwa imeonekana tangu 1954. Baadhi ya familia zilipewa viwanja Mabwepande, mbali na kazi zao, na si wote waliobaki huko. Desemba 2015 zikaja alama nyekundu za X ukutani, na bomoabomoa. Watu wakatawanyika, wengine wakarudi. Msimu wa mvua wa 2024, Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 nchini wamekufa kwa mafuriko na maporomoko.

Nikiangalia historia hiyo naona tulichelewa sana kukaa na wenyewe. Mwaka 2018 ndipo wataalamu, viongozi na wakazi wa bonde walipoketi meza moja kupanga Msimbazi uweje, na mpango ukatoka 2019. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo, na Uholanzi na Hispania nazo zikachangia. Kazi zenyewe ni daraja jipya lililoinuliwa Jangwani, kuchimba na kupanua njia ya mto, kuhamisha karakana ya mabasi, kuhamisha wakazi kwa fidia, na kugeuza eneo kubwa la bonde kuwa bustani ya mji ambayo mto ukifurika uifunike bila kumuua mtu. Fidia imeleta maneno mengi, na wenye malalamiko wana haki ya kusikilizwa. Lakini wazo la mto kupewa nafasi yake, mimi naliunga mkono. Uholanzi, watu waliobobea kwa kujenga kuta za kuzuia maji, mwaka 1995 walilazimika kuwahamisha watu wapatao 250,000 kwa hofu ya mito kufurika. Baada ya hapo walianza kusogeza kuta nyuma ili mito ipate pa kupumulia.

Ila mpango wowote wa bonde utashindwa kama sisi wa juu hatujabadilika. Chimba mto mpaka kina unachotaka, Kariakoo na Pugu wataujaza.

Tulichofanya, pamoja na tulipokosea

Kikundi chetu cha vijana kilikubali tufanye Jumamosi moja ya mitaro, kwa ruhusa ya serikali ya mtaa. Tulikuja 23, makoleo tisa. Tukazibua kwa nguvu zote, nyimbo juu, picha zikapigwa. Matope tukayarundika kando ya mtaro, tukaenda kunywa soda. Jumatatu mvua ikanyesha, matope yote yakarudi mtaroni. Yaani yote! Mzee mmoja muuza kahawa akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Nyie mmeyatoa kuyaota jua."

Kwa hiyo ya kwanza: kama hujapanga gari la kuondoa matope siku hiyo hiyo, usianze. Mara ya pili tulichanga tukakodi kirikuu safari tatu. Ya pili: anzeni upande maji yanakotokea, mpande kwenda juu. Mkianza juu mnayasukumia wenzenu wa chini, na hapo tunarudi kwenye dhambi ile ile. Ya tatu ni usalama. Buti na glovu lazima, mwenye kidonda abaki kugawa maji ya kunywa, na asiingie mtu mtaroni wingu likiwa limefunga, hata kama ni Pugu tu kunakonyesha.

Kuna kazi nyingine inayowafaa wale wa simu na kompyuta. Kuanzia 2015 vijana wa vyuo vikuu hapa Dar, kwenye mradi wa Ramani Huria, walizunguka Tandale, Ndugumbi na kata nyingine wakiwa na wakazi wa pale, wakaweka mitaro na njia kwenye ramani ambayo yeyote anaweza kuiona. Mitaa ambayo haikuwa na ramani ikawa nayo. Sisi tulijaribu kidogo tu: tukachora kwenye daftari mtaro wetu, tukaandika wapi umezibwa, wapi meza ya biashara imekaa juu ya karavati, wapi bomba la choo limetobolewa kuingia ndani. Tulipompelekea mwenyekiti wa mtaa karatasi hiyo, alitusikiliza tofauti na tulivyozoea. Malalamiko alikuwa nayo mengi. Karatasi yenye mahali na namba hakuwa nayo.

Dukani ilikuwa vigumu zaidi. Nilimwambia bosi sitafagia taka mtaroni tena. Akaniangalia. "Wateja wanaruka maji mlangoni, wewe unaniletea mahubiri?" Sikumlaumu, kodi ya fremu haisubiri. Nikamwomba wiki mbili nitundike kiroba nyuma ya mlango, nailoni na kamba ziingie humo, maboksi yakae juu yakiwa makavu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini nailoni za vifungashio bado zipo, na sisi tunazifungua kwa mamia. Wiki ya pili akapita kijana anayenunua maboksi na makopo kwa kilo. Bosi aliposhika hela ile, ndogo tu, ya vitu tulivyokuwa tukivifagia, akasema kiroba kibaki. Sijui kama ni Injili au ni biashara iliyomgusa. Kiroba kipo.

Maswali ya kujadiliana kwenye vikundi:

Chora njia ya maji kutoka mlango wa nyumba yenu, au wa kazini kwako, mpaka yanapofika mtoni au baharini. Nani anaishi njiani humo? Unamjua hata mmoja kwa jina?

Soma tena Mathayo 7 yote. Ni neno gani ndani ya sura hiyo umelisikia mara nyingi na hujalitenda?

Paa la kanisa au la kigango chenu lina mita za mraba ngapi? Maji yake yanaenda wapi? Mngeweza kuyavuna kwa ajili ya bustani, au kwa kuosha vyoo vya parokia?

Kwenye jumuiya yenu kuna familia iliyohamishwa kwa mafuriko au kwa bomoabomoa? Nani amewatembelea tangu wahame?

Hilo la mwisho nilianza nalo mimi. Mama mdogo hakuwa na nyumba ya kufidiwa, alikuwa mpangaji tu, akahama mwenyewe baada ya yale mafuriko. Sasa yuko Chanika. Cherehani ilipona baada ya kufunguliwa yote na kutiwa mafuta, wateja ndio wamebaki mjini. Nilikwenda Jumapili moja baada ya Misa, nikamwomba msamaha kwa yale ya jumuiyani na kwa ile stika. Akanipakulia ubwabwa kwanza. Tukiwa tunakula akauliza kile kiroba cha dukani kimetundikwaje, nikamwambia kwa kamba, na kinachanika kila mara kwa sababu kamba inakata. Akanyamaza, akatafuna, akasema kinataka kitanzi cha mkanda, kishonwe mara mbili.

Ameshona viroba 20 kutoka kwenye magunia ya sukari yaliyotumika, vyenye vitanzi pande mbili. Viko kwangu dukani. Vijana mnaofanya kazi Kariakoo, Gerezani na Mnazi Mmoja, njooni mchukue kabla masika hayajaanza. Ni shilingi elfu mbili, hela ni yake yote. Jumamosi ya mitaro ni ya kwanza ya mwezi wa tatu, saa 12 asubuhi, na kirikuu tayari imelipiwa.